Nyasi Fupi Ukingoni: Uchambuzi wa Kisa cha Kambi Iliyopigwa Kwenye Njia ya Kiboko

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea usiku wa Jumamosi moja ya mwezi Juni, kwenye ukingo wa mto unaoingia Ghuba la Speke katika Ziwa Victoria, mashariki mwa jiji la Mwanza. Tulikuwa watu tisa tulioamua kulala porini usiku mmoja, kutembea kwa miguu kandokando ya mto asubuhi yake, na kurudi mjini Jumapili jioni. Kabla ya saa kumi alfajiri mwenzetu mmoja alikuwa amevunjika mkono, hema moja lilikuwa limeburutwa hadi majini, na sisi wengine tulikuwa tumesimama tumeshikana bila kujua tukimbilie wapi. Mimi ndiye niliyechagua mahali pa kulala. Nimerudi pale mara mbili tangu siku hiyo, na ninaandika kwa kirefu kwa sababu kosa letu halikuwa uzembe. Tulikagua mahali, tulitoa taarifa kijijini, tuliweka zamu za usiku. Tulichokosea ni kusoma. Karibu kila kitu kilichotuvutia pale kilikuwa kimetengenezwa na kiboko, nasi tukakipokea kana kwamba tumeandaliwa.

Mto wenyewe sitautaja, kwa kuwa wenyeji waliotusaidia usiku ule wana haki ya kuishi bila msururu wa wageni wenye mahema. Ghuba la Speke hupokea mito kadhaa, ikiwamo Simiyu, Mbalageti na Grumeti, pamoja na vijito visivyo na idadi, na hali ninayoieleza inaweza kumkuta mtu popote penye matete, maji ya kina cha kutosha na majani mabichi nchi kavu.

Tuliondoka kituo cha mabasi cha Nyamhongolo saa nne asubuhi kwa kosta ya kuelekea Magu, tukashuka njiani, tukachukua bodaboda hadi kijijini, kisha tukatembea na mizigo mgongoni. Tulitumia muda mwingi kwa mwenyekiti wa kijiji, jambo ambalo silijutii, lakini lilitufikisha ukingoni saa kumi na moja kasoro robo jioni. Jua la Mwanza mwezi Juni huzama kabla kidogo ya saa moja usiku. Mtu aliyebakiwa na saa mbili za mwanga, mwenye watu waliochoka na sufuria ambazo hazijapanda motoni, hatafuti mahali pazuri. Anatafuta sababu za kusema kwamba alipofika panafaa.

Sababu hizo zilikuwa nyingi. Palikuwa na uwanda mdogo wa nyasi fupi sana, laini, zilizolingana kama uwanja wa shule uliofyekwa siku iliyotangulia. Palikuwa na uwazi katika matete, upana wa hatua nne hivi, ambao ulitupatia njia ya kufikia maji bila kukata chochote. Kutoka kwenye uwazi huo ilipanda njia yenye mifuo miwili sambamba, na katikati yake tuta dogo lenye nyasi, nasi tukakubaliana kwamba ni njia ya mkokoteni wa ng'ombe unaoteka maji au kubeba mchanga. Palikuwa na mkuyu mmoja mkubwa wa kutukinga na umande. Shamba la karibu la viazi vitamu na mahindi lilikuwa juu zaidi, kama hatua mia na hamsini, hivyo hatukuhofia kumkanyagia mtu mazao yake. Tulipiga mahema manne. Mlango wa hema la kwanza ulikuwa hatua kumi na nane kutoka majini. Nilizihesabu mwenyewe, kwa kuwa nilitaka kujua mamba angelazimika kutembea umbali gani. Mamba nilimfikiria.

Jua lilipokuwa linashuka alipita mzee mmoja, kasia begani, akitoka kufunga mtumbwi wake. Tulimwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikia, "Marahaba, wajukuu," akatuuliza tumetoka wapi na tunakwenda wapi. Kisha akauliza, "Hapa mmemuomba nani?" Nikamwambia tumeshaonana na mwenyekiti. Akatazama mahema, akatazama matete, akasema, "Haya. Ila usiku hapa pana wenyewe." Akaendelea na safari yake polepole, akageuka mara moja. Nitamrudia mzee huyu, kwa sababu katika kisa chote hiki hakuna kosa linaloniuma kama nilivyomsikiliza.

Saa mbili usiku, tukila ugali na dagaa, tulisikia mkoromo mzito kutoka upande wa mdomo wa mto, ukifuatiwa na mwingine na mwingine, mfano wa wazee wanaocheka kwa pamoja. Tulijua ni viboko. Tulihukumu kwamba wako mbali, na kwa kweli sauti hiyo husafiri sana juu ya maji. Zilikuwa siku za giza, hakuna mwezi, na kule ghubani taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimejipanga kama mtaa mzima uliohamia ziwani. Nakumbuka tuliufurahia mwonekano ule kwa muda mrefu. Moto ukawekwa, zamu za watu wawili wawili zikapangwa kuanzia saa tatu.

Zamu ya saa tisa ilishikwa na vijana wawili waliokuwa wamelala katika hema la kwanza, lile lililokuwa katikati ya uwazi wa matete na njia ya mifuo miwili. Moto ulikuwa umebaki makaa. Mmoja wao alisikia majani yakikatwa upande wa juu, wa shambani, akadhani ni ng'ombe aliyefungua kamba. Akawasha tochi, akamulika. Mwanga ukagonga mwili uliozidi kimo cha kifua chake, umbali wa hatua ishirini, ukimwelekea. Akapiga kelele, na mwenzake akapiga kelele. Kiboko hakusimama wala hakurudi alikotoka. Aliteremka mbio kwa njia ileile, akapita katikati ya jiko letu, akalivaa hema la kwanza, akaingia nalo majini likiwa limemzonga mguuni. Yote hayo hayakuchukua muda wa kuvaa viatu. Dada mmoja aliyelala hema la tatu alitoka kwa ukelele ule, akajikwaa kwenye kamba ya hema, akaangukia mafiga na kuvunjika mkono juu kidogo ya kiwiko cha kiganja. Tulimfunga kwa vigingi viwili vya mbao na kipande cha khanga. Watu wa kijijini walifika kwa tochi na pikipiki kabla hatujawaita, kwa maana kelele zetu zilikuwa zimewafikia, na mama mmoja akasema tu, bila kutulaumu, "Mmelala njiani."

Kauli hiyo ndiyo uchambuzi mzima, na yanayofuata ni kuifungua.

Kiboko ni mnyama wa maisha mawili. Mchana hukaa majini kwa sababu ngozi yake hupoteza unyevu haraka na haivumilii jua. Usiku hutoka kwenda kula majani nchi kavu, na aliyekomaa huweza kula kilo 40 hivi kwa usiku mmoja, akitembea kilomita kadhaa kama malisho ya karibu hayatoshi. Kinachomponza mpiga kambi ni kwamba kiboko hapiti popote. Ana mapito yake, anayarudia usiku kwa usiku, na uzito wake, ambao kwa aliyekomaa hufika kilo 1,500 na zaidi, huyachimba mapito hayo hadi yakawa mifereji. Kwa kuwa miguu yake ya kushoto na ya kulia imeachana kwa upana wa tumbo, hachimbi mfuo mmoja bali miwili, na nyasi za katikati hubaki zimesimama juu ya tuta. Ng'ombe hawafanyi hivyo. Ng'ombe hufuatana mmoja nyuma ya mwingine, na mapito yao huwa membamba, mengi, yanayopishana kama nyuzi zilizotatizana. Mkokoteni nao huacha mifuo miwili, ila mkokoteni huhitaji mahali pa kugeuzia, na njia yake haiwezi kuingia moja kwa moja katika maji yenye kina. Njia yetu iliingia. Tuliona inaingia, tukaona ni urahisi wa kuteka maji.

Nyasi nazo nilizitazama kwa macho ya mtu wa mjini anayejua kwamba nyasi fupi ni nyasi zilizotunzwa. Kiboko hang'oi majani kwa ulimi kama ng'ombe. Ana midomo mipana, takriban nusu mita, anayoitumia kubana na kukata nyasi karibu kabisa na ardhi. Anaporudia mahali pale usiku baada ya usiku, nyasi ndefu hufa na nyasi fupi zinazotambaa hushika nafasi, na ndivyo linavyopatikana zulia la kijani ambalo kila anayetafuta mahali pa hema atalipenda. Niliporudi mchana nilipiga magoti nikazitazama kwa karibu. Ncha hazikuwa zimekatwa mkato ulionyooka, kama wa fyekeo. Zilikuwa zimechanika, na pembeni yake palikuwa na alama za vidole vinne vilivyotanuka, kila mguu upana wa sahani. Alama hizo zilikuwapo Jumamosi ile pia. Tulizikanyaga tulipokuwa tunapigilia vigingi.

Kinyesi kilikuwapo vilevile. Kiboko dume hutawanya kinyesi chake kwa kupepea mkia, na kwa njia hiyo huweka alama kwenye vichaka vya kando ya mapito yake, kimo cha goti hadi cha kiuno. Tuliona vichaka viwili vimerushiwa kitu kikavu chenye nyuzi za majani, na mmoja wetu akasema huenda ni samadi iliyomwagwa. Ninaitaja hapa kwa sababu hiyo ndiyo alama ambayo haiwezi kufananishwa na nyingine: kinyesi kilicho juu ya kichaka badala ya chini yake. Mtu akijifunza hiyo moja tu, inamtosha kuhamisha kambi.

Alama iliyonifundisha zaidi, hata hivyo, haikuwa ya kiboko bali ya mwenye shamba. Shamba la viazi lililokuwa juu yetu lilizungushiwa miiba upande mmoja tu, ule unaotazama mto. Upande wa kijiji, ambako mbuzi na ng'ombe hutokea, palikuwa wazi. Tulipita kando ya uzio ule tukiwa na mizigo, na mmoja wetu akashika mwiba. Mkulima haweki miiba mahali pasipo na mwizi. Aliyepanda viazi pale alikuwa ameandika kwa mikono yake adui anatoka wapi, nasi tukaenda kulala upande wa adui.

Kuhusu utupu wa ule ukanda kati ya shamba na maji, ninadhani ulitokana na mambo mawili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa, na baadhi ya vijiji huiheshimu. Hema la usiku mmoja si shughuli ya kudumu, na sisemi tulivunja sheria. Lakini kipimo cha mita 60 kingetusaidia hata kama sheria haikutungwa kwa ajili ya watu kama sisi, na hatua zangu kumi na nane zilikuwa aibu mbele yake. Jambo la pili ni kwamba hakuna mwenyeji anayelima, anayefua jioni, wala anayefunga mtumbwi kwenye uwazi ule. Mzee mwenye kasia alifunga mtumbwi wake mbali zaidi, kwenye mawe, akatembea. Ardhi tambarare, yenye maji, karibu na kijiji chenye watu wengi, ikibaki haina mtu, ina sababu.

Sasa kuhusu upepo, ambao nimeufikiria kuliko mambo mengine. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja juu. Usiku hali hugeuka, nchi hupoa, na upepo huteremka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mgeuko huohuo ndio unaokusanya mawingu ya mvua katikati ya Ziwa Victoria nyakati za usiku, na wavuvi huuogopa kwa sababu yao wenyewe. Kwetu ulikuwa na maana nyingine. Mwanzoni mwa usiku, sauti zetu na moto ulipokuwa mkubwa, viboko inaelekea walitoka kwa njia nyingine. Saa tisa, moto umekwisha na watu wamenyamaza, mmoja wao alirudi kwa njia aliyoizoea, upepo ukimvumia mgongoni na kuipeleka harufu yetu ziwani. Hakujua kwamba tupo mpaka tochi ilipomgonga machoni. Wengi wetu tulisimulia kisa kile kama kisa cha kiboko aliyetuvamia, na nimekataa kuendelea kukisimulia hivyo. Alikuwa anarudi nyumbani kabla ya mapambazuko, akakuta nyumba imejengwa mlangoni pake.

Ndiyo maana zamu yetu, tuliyojivunia, iligeuka kuwa sehemu ya madhara. Kiboko aliyeshtushwa nchi kavu hukimbilia majini, na hukimbia kwa njia anayoijua, kwa mwendo unaoweza kufika kilomita 30 kwa saa kwa umbali mfupi. Anayesimama kati yake na maji amesimama mahali pabaya kuliko pote. Walinzi wetu walikuwa wameambiwa wamulike na kupiga kelele wakiona mnyama, na agizo hilo nililitoa mimi, nikifikiria fisi na mbwa. Kwa kiboko aliye upande wa juu, kufanya hivyo ni sawa na kumfyatua akuelekee. Vijana wale walitii, na walichotii kilikuwa kibaya. Kama ingenilazimu kutoa agizo lingine katika mahali palepale, ningewaambia wazime tochi, waamshe wenzao kwa mkono, na watoke wote kwa pembeni, nyuma ya mkuyu, wakiiacha njia ya kwenda majini wazi. Hema lililoburutwa lilikuwa na mifuko miwili ya kulalia, mitupu, kwa kuwa wenyewe walikuwa zamu. Zamu ingepangwa kinyume, ningekuwa naandika kitu kingine.

Kuna tawi la kisa hiki ambalo nitalipita haraka. Jioni ile wanne wetu waliogelea kwenye uwazi wa matete. Maji yaliyotulia yenye magugu ukingoni ndiyo makazi ya konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na miezi miwili baadaye wawili kati yao walipimwa wakakutwa navyo, wakapewa vidonge vya prazikwanteli. Kupima baada ya wiki kadhaa ni muhimu, kwa sababu dawa hiyo haiui minyoo ambayo bado ni michanga.

Namrudia mzee. Aliposema "pana wenyewe," nilisikia mizimu. Nilidhani anazungumzia matambiko, nikaona heshima ni kunyamaza, na nikawaambia wenzangu kwa sauti ya chini kwamba ni imani za wazee. Nilikuwa nimejiandaa kumheshimu mzee kwa namna zote isipokuwa ya kumuuliza. Niliporudi wiki tatu baadaye kumshukuru, nilimuuliza kwa nini hakusema tu "kiboko." Akanijibu kwamba yeye ni mvuvi, na jua likishatua hapendi kumwita kwa jina mtu ambaye atapishana naye majini. Kisha akasema, "Nawe hukuuliza, mjukuu wangu. Nikadhani mnajua." Swali la maneno manne, "Wenyewe ni nani, babu?", lingetuhamisha sote kabla ya chakula. Mwenyekiti naye nilimuuliza kama tunaruhusiwa kulala. Sikumuuliza watu wake wakilazimika kulala pale hulala wapi. Ruhusa na ushauri ni vitu viwili, na nilichukua kimoja nikidhani nimepata vyote.

Katika hifadhi zetu za ziwa kazi hiyo ya kuuliza huwa imeshafanywa na wengine. Anayelala Rubondo, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977 na chenye msitu, viboko na mamba wa kutosha, hulala mahali palipochaguliwa na wanaoishi na wanyama hao mwaka mzima. Nje ya hifadhi mnyama ni yuleyule lakini anayechagua mahali ni mimi na wewe, na kwa kuwa watu wengi wa Mwanza sasa wanapenda kutoka na mahema yao kwenda kwenye mito na vilima vya karibu, naona ni wajibu wetu tunaowaongoza kujifunza kazi hiyo kabla ya kununua hema la pili.

Siku ile ya kurudi, mzee alinitembeza. Alipima upana wa njia kwa kulaza kasia lake, likaingia lote. Alinionyesha mapito mengine matatu ambayo sikuyaona kwa sababu nilikuwa nikitafuta mahali pa mahema. Kisha akanipeleka kwenye mawe makubwa, hatua zaidi ya mia tatu kutoka ukingoni, juu ya shamba la viazi, mahali penye changarawe na miiba midogo ambapo Jumamosi ile nisingepatazama mara mbili. Palikuwa na mafiga ya zamani, meusi. "Hapa ndipo tulipolala sisi tulipokuwa vijana, tukisubiri kulinda mashamba," akasema. Kiboko hapandi mawe makavu yenye mwinuko mkali kama ana njia nyingine, na kutoka juu yake mtu huona mto wote.

Tulilala hapo mwezi Agosti, watu sita, tukiwa tumefika saa nane mchana. Dada aliyevunjika mkono alikuwa mmojawapo, alitaka kuona. Tuliamka saa kumi usiku, bila moto na bila tochi, tukakaa kimya ukingoni mwa mawe. Mwezi ulikuwapo safari hii. Walianza kuteremka kabla ya saa kumi na moja, mmoja mmoja, wakiifuata njia yao bila haraka, tukawahesabu wanne. Wa mwisho alisimama kidogo pale lilipokuwa jiko letu, akashusha kichwa, akakata majani mara mbili tatu, kisha akapita kwenye uwazi wa matete na maji yakamfunika.